Shangazi aliyenisomesha anataka nimwandikie ekari asizolima

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 32, mtendaji wa kijiji huku Mufindi. Nina mke na watoto wawili. Safu yako naisoma siku nyingi na sikudhani kama ipo siku nitaiandikia, ila sasa usingizi umekata.

Nimezaliwa Makete. Miaka ile ugonjwa ulikuwa unapita nyumba kwa nyumba, na kwetu ulipita. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa darasa la nne. Tulibaki watoto wanne kwa bibi, naye alikuwa mzee wa kuota moto tu. Shangazi yangu, dada yake baba, aliishi Mafinga akiuza chai na maandazi kwa wapakiaji wa mbao. Alikuja msibani, akakaa hadi matanga yakaanuliwa, na siku ya kuondoka akanichukua mimi. Kwenye basi alinipakata njia nzima ili nisilipiwe nauli, na nilikuwa mtoto wa miaka kumi, miguu yangu inagusa chini.

Alinisomesha. Nilisoma sekondari ya kutwa kabla ada haijafutwa. Ada yenyewe ilikuwa 20,000 kwa mwaka, lakini Mama unajua michango ilivyokuwa: dawati, mlinzi, chakula, mitihani ya majaribio. Alikuwa anaamka saa tisa usiku kukanda unga. Nilipomaliza kidato cha nne akauza cherehani yake, nikaenda Hombolo kusomea mambo ya serikali za mitaa. Hayo sijayasahau na sitayasahau.

Shida ni kwamba na yeye hayasahau, na kila penye watu lazima ayaseme. Mwaka jana kwenye sherehe ya ubatizo wa mwanangu wa pili alimnyang'anya MC kipaza sauti, akasema, "Huyu mnayemwona na tai, nilimtoa Makete na ndala, moja nzima na ya pili imefungwa kwa kamba ya katani. Bila mimi saa hizi angekuwa anabeba magogo Sao Hill." Watu wakacheka. Wakwe zangu nao wakacheka. Wajumbe wawili wa halmashauri ya kijiji changu walikuwepo, na tangu siku hiyo kuna vijana kijijini wananiita Katani nikishawapa kisogo. Mimi huwa najinyamazia. Sijawahi kumjibu hata siku moja.

Namtumia 50,000 kila mwezi kwenye simu, na nyumba yake nimeiezeka bati. Hata hivyo nikichelewa siku mbili anampigia mke wangu: "Mwambie mumeo mkono uliomlisha una njaa."

Sasa limekuja kubwa. Amekodi shamba la mahindi hapa kijijini kwangu, ekari 2. Uandikishaji wa mbolea ya ruzuku kwetu unapitia kwa mtendaji: unaandika jina la mkulima, ukubwa wa shamba na zao, naye anapata namba, na kwa namba hiyo wakala anamuuzia mbolea ya bei nafuu kulingana na ekari zake. Shangazi amekuja nyumbani akitaka nimwandikie ekari 12. Mbolea itakayozidi ameshapata mtu wa kuinunua. Nilimwambia haiwezekani. Akasimama, akasema, "Nilipokuwa nauza cherehani sikusema haiwezekani." Akaondoka, chai ameiacha mezani.

Wapo wanaoniambia ni mifuko tu, serikali haitapungukiwa. Mke wangu yeye anasema nikachukue mkopo benki, tupige hesabu ya kila alichotumia kwangu, kwa makadirio milioni 4, nimkabidhi mbele ya wazee tuandikishane tumalizane. Fomu ya mkopo ninayo ndani.

Mama, huyu kwangu ni mzazi na naogopa laana. Nikimkatalia nitakuwa nimekosa shukrani? Na nikimlipa nitakuwa huru?

Mwenye deni lisiloisha,
Mufindi

*

Marahaba mwanangu. Pole sana. Umemlalamikia shangazi yako bila kumtukana, na mambo mazuri aliyokutendea umeyaandika kabla ya mabaya. Hilo limenipa moyo wa kukujibu kwa urefu.

Ekari 12 usiziandike. Nalitanguliza hilo kwa sababu uandikishaji una mwisho wake, na kwa sababu katika yote uliyoniuliza ndilo pekee lisilo na pande mbili. Hao wanaokwambia ni mifuko tu, chukua kalamu uwaoneshe. Ekari moja unaijua, ni hatua 70 kwa 70. Mkulima wa mahindi wa huku kwetu kwa kawaida anaweka mfuko mmoja wa kilo 50 wa kupandia na mwingine wa kukuzia. Kwa hiyo zile ekari 10 za ziada, za kwenye karatasi tu, ni kama mifuko 20, na hiyo mifuko inatoka kwa wakala yuleyule anayekihudumia kijiji chako. Novemba mvua ikishaanguka, kila mtu anataka mbolea kwa wiki ileile. Atakayeambiwa imekwisha, arudi wiki ijayo, hatakuwa yule mnunuzi wa shangazi yako mwenye gari. Atakuwa mama mmoja mwenye ekari yake moja na nusu, amekuja na baiskeli ya kuazima. Wiki hiyo ikipita amechelewa kupanda, au amepanda bila kitu, na Januari mahindi yake yatakuwa ya njano yakiwa bado kimo cha goti. Huyo mama pengine ndani ana watoto wa marehemu dada yake. Shangazi yako wa mwaka 2003, yule aliyekupakata kwenye basi, leo anaishi kijijini kwako kwa jina lingine, na daftari la uandikishaji liko mikononi mwako.

Na sheria uijue. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamshika mtumishi anayetumia vibaya nafasi yake ili ajipatie yeye au ampatie mtu mwingine faida isiyo halali. Haiulizi kama huyo mtu mwingine ni ndugu. Ukifukuzwa kazi, au ukafungwa, cherehani ya shangazi itakuwa imeuzwa bure. Ila sitaki ukatae kwa hofu ya jela peke yake, maana mtu wa namna hiyo siku akihakikishiwa hakuna atakayejua, anaandika.

Sasa unaniuliza kama kukataa ni kukosa shukrani. Fungua 2 Samweli 24, mwishoni kabisa. Mfalme Daudi alitaka kujenga madhabahu kwenye kiwanja cha kupuria cha Arauna Myebusi. Arauna akampa vyote bure: kiwanja, ng'ombe wa sadaka, hata miti ya kuwashia moto. Daudi akakataa. Akasema hawezi kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu, akanunua kiwanja na ng'ombe kwa fedha yake, ndipo akatoa. Wewe unaombwa umlipe shangazi fadhila kwa kitu ambacho hakitakugharimu hata shilingi. Mbolea ni ya wakulima wa kijiji, na ruzuku imelipwa na kodi za watu wasiomjua shangazi yako wala wewe. Ukimpa hiyo hujamshukuru. Umechukua cha mjane ukakitoa kwa jina lako, na siku ya kusimama mbele ya Mungu hutaweza kukiita sadaka wala shukrani.

Safu hii inasomwa na Wakristo na Waislamu, na kwa jambo lako hili Kurani ina neno ambalo sijaona linalokufaa zaidi. Katika sura ya Luqman, aya ya 14 inamwamuru mtu amshukuru Mungu na wazazi wake, inamkumbusha hata jinsi mama alivyoibeba mimba yake kwa udhaifu juu ya udhaifu. Mara tu baada ya hapo, aya ya 15, inasema wazazi haohao wakimshurutisha kumshirikisha Mungu, asiwatii. Lakini akae nao duniani kwa wema. Kwa wema, katika aya ileile anayoambiwa asiwatii! Wengi wetu tunajua upande mmoja tu. Wapo wanaotii kila kitu na kuita utii huo heshima, na wapo ambao wakishakataa jambo moja wanakata na mguu. Wewe kwenye barua yako umejiona una njia mbili, kuandika ekari au kulipa mkatane. Iko ya tatu, na ndiyo ninayotaka uishike: katalia jambo, mtu usimwache.

Laana unayoiogopa, Mithali 26:2 inasema laana isiyo na sababu haimpigi mtu. Lala.

Tuje kwenye milioni 4. Nimejaribu kuifanya hiyo hesabu yenu. Ada ya sekondari miaka minne ni 80,000, hiyo ni rahisi. Michango mtaikadiria. Cherehani mtauliza bei ya wakati ule. Ukifika kwenye kuamka saa tisa usiku utaandika ngapi? Kwa siku au kwa mwezi? Na kupakatwa kutoka Makete hadi Mafinga mtoto wa miaka kumi, mtu mzima magoti yamekufa ganzi, utaweka nauli ya mtoto au ya mkubwa? Hesabu hiyo haifungi, na ukiilazimisha ifunge utakuwa umemtamkia shangazi mbele ya wazee kwamba siku zote hizo alikuwa anakukopesha. Hakukukopesha. Angekuwa anatafuta faida asingechagua yatima wa Makete. Ukimwekea zile noti mezani hatajiona amelipwa, atajiona amefukuzwa, na mimi nikiwa pale nitamwelewa.

Na wewe hutakuwa huru. Utabaki na mkopo wa benki, na kila utakapopita Mafinga utaangalia upande mwingine wa barabara.

Lakini sasa nisimame upande wako, maana sitaki usome barua hii ukadhani nakuambia uvumilie kila kitu. Alichofanya shangazi kwenye ule ubatizo ni kibaya. Kusimbulia, yaani kumtangazia mtu wema uliomtendea hadi aone aibu, ni dhambi, na nalisema hili wazi kwa kila mama anayesoma hapa akiwa amelea mtoto wa ndugu. Kurani, sura ya Al-Baqara, aya ya 264, inawaambia waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na maudhi, na inamfananisha anayetoa ili watu wamwone na jabali lenye udongo kidogo juu yake: mvua kubwa ikinyesha, udongo wote unakwenda na jabali linabaki tupu. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini mvua hiyo tunaijua, na miteremko iliyobaki mawe tunaiona kila tunapokwenda. Yesu naye, Mathayo 6:3, alisema, "Bali wewe utoapo sadaka, hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume." Shangazi aliutoa mkono wa kuume vizuri kabisa, kisha akauita ukumbi mzima uje uutazame.

Hili la kutoa kwa kutangaza limetuingia vibaya siku hizi, na linaniumiza. Kikundi kinapeleka sabuni na mchele kwenye kituo cha watoto yatima, kabla hata mchele haujashushwa simu zimeshatoka, mtoto anasimamishwa katikati ameshika mche wa sabuni, anaambiwa acheke. Picha inazunguka mji mzima jioni ileile. Yule mtoto kesho anakwenda shule na wenzake wameshaiona. Sabuni itakwisha baada ya wiki mbili, lakini picha itakuwepo hata atakapokuwa anaoa. Kama ni lazima tuoneshe wafadhili mzigo umefika, tupige picha magunia. Wewe mwanangu ndala yako yenye katani ni picha ya namna hiyo, na una haki ya kusema hutaki ioneshwe tena.

Ila haki hiyo hujaitumia. Umeniandikia, "Mimi huwa najinyamazia. Sijawahi kumjibu hata siku moja." Umeliandika kama sifa. Mimi naliona ndilo jambo linalokutesa kuliko hata ekari. Shangazi yako atajuaje kwamba anakuumiza, iwapo kila mara anapolisema watu wanacheka na wewe unatabasamu na tai yako?

Na lipo jingine nimelitafuta kwenye barua yako sikuliona. Umenitajia 50,000 za kila mwezi, umenitajia bati. Hakuna mstari unaosema ulikwenda kukaa naye. Hakuna mahali uliposimama wewe mwenyewe, mbele ya watu au hata jikoni kwake, ukasema, shangazi, nilikuwa sina mtu ukanichukua. Pengine ulisema ukasahau kuniandikia. Lakini kama hujawahi, basi mwanamke huyu amesubiri zaidi ya miaka 20 asikie habari hiyo kutoka kinywani mwako, na kwa kuwa haiji, anaisimulia mwenyewe. Anaisimulia vibaya, kwa kiburi na kwa kukuaibisha, nakubali. Lakini mtu aliyeshukuriwa akashiba si rahisi kuchukua kipaza sauti kwa nguvu.

Kumbuka wale wakoma kumi wa Luka 17. Waliponywa wote, akarudi mmoja, Msamaria, akaanguka miguuni pa Yesu akimshukuru. Yesu akauliza, wale tisa wa wapi? Naye Bwana aliuliza! Wanaotuambia kwamba mtenda wema wa kweli haoni tofauti akishukuriwa au asiposhukuriwa, wamezidisha. Linauma. Hadithi ya Mtume inasema asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu, kwa hiyo hata shukrani zako za Jumapili kanisani zinapitia Mafinga kwanza. Lakini angalia na upande wa pili wa habari ileile: aliuliza wako wapi, basi. Haikuandikwa popote kwamba ukoma uliwarudia wale tisa kwa kukosa shukrani. Hilo ni la shangazi yako, na kama atasoma hapa, namwomba dada yangu alisome mara mbili.

Sasa nenda hivi.

Uandikishaji wa shamba la shangazi usiuguse wewe kabisa. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji na mjumbe mmoja wa halmashauri ya kijiji wakalipime na shangazi mwenyewe akiwepo, wapige hatua mbele yake, waandike watakachokikuta. Kama ni ekari 2 ni 2, na haki yake ya ekari 2 aipate kama mkulima mwingine yeyote, asicheleweshwe kwa sababu ya ugomvi wenu. Mtendaji anayempima ndugu yake, hata akipima sawasawa, kijiji hakiamini. Na wale vijana wa Katani wanakuangalia kuliko unavyodhani.

Halafu panda gari uende Mafinga. Usimwite aje kwako, na usipeleke wazee. Wazee wanaitwa penye kesi, na wewe huna kesi. Nenda jioni akiwa ameshafunga biashara. Kaa. Kula atakachokupa. Anza na shukrani, na usiitamke kwa jumla kama ya kwenye kadi. Mwambie unakumbuka kupakatwa. Mwambie unakumbuka ulikuwa unamsikia akikanda unga saa tisa na ukajifanya umelala. Mtajie cherehani kwa jina lake, rangi yake kama unaikumbuka. Usiunganishe na neno "lakini." Nyamaza hapo, umwache alie au aseme anachotaka, hata kama ni saa nzima.

Baada ya hapo ndipo umwambie mambo mawili. Kwamba mbolea huwezi, wala msimu huu wala mwingine, na umwambie kwa nini, umtajie yule mama mwenye ekari moja na nusu. Shangazi yako ameuza maandazi kwa watu waliokuwa wanahesabu sarafu, ataelewa kuliko mnavyofikiri wewe na mkeo, hata kama usiku huo hatakubali. La pili, kwamba habari ya ndala inakuumiza. Tumia neno hilohilo, inaniumiza. Usimwambie umenidhalilisha mbele ya wajumbe wangu, maana hapo utakuwa umemgeukia kama mtendaji, na yeye hakulea mtendaji.

Kama unaweza, na naona unaweza kwa kuwa ulikuwa tayari kubeba mkopo wa milioni 4, mnunulie mbolea ya ekari zake 2 kwa mshahara wako. Mifuko minne, kwa namba yake halali. Ifikishe shambani wewe mwenyewe. Hiyo itakugharimu, kwa hiyo unaweza kuiita shukrani.

Anaweza kukasirika akakutoa nje. Anaweza kuipeleka habari kwenye ukoo kwamba umekuwa mkubwa sasa. Ikifika huko usiitetee heshima yako, useme tu kile ulichosema jikoni: alinilea, namshukuru, na mbolea ya kijiji si yangu kuitoa. Endelea kutuma ile 50,000 tarehe ileile, hata mwezi wa kwanza akirudisha. Ukiisimamisha kwa hasira atajua kumbe nayo ilikuwa na masharti.

Kipaza sauti nacho uwe unakishika wewe. Sherehe ijayo yoyote atakayokuwepo, omba dakika mbili kabla hajasimama, uieleze Makete kwa maneno yako, na ndala yenye katani uitaje wewe mwenyewe, kisha umwite mbele umvishe kitenge au umpe mkono mbele ya watu. Habari ambayo mwenyewe ameshaisema kwa heshima, ni vigumu mtu kuirudia kwa dharau, na jina la Katani litakosa utamu wiki hiyohiyo.

Nina swali moja pia, na hulazimiki kunijibu mimi. Mlibaki wanne kwa bibi. Shangazi alikuwa na uwezo wa kuchukua mmoja, akakuchukua wewe. Wale watatu hukuwataja tena. Kama wapo hai na wana watoto, milioni zile mlizotaka kumtupia shangazi zinajua pa kwenda, kidogo kidogo, bila benki. Nadhani hakuna jambo litakalompendeza shangazi yako, akishatulia, kama kusikia kwamba mtoto wa mmoja wa wale aliowaacha Makete akilia yuko shule kwa sababu yako.

Mwisho ni mke wako. Usimfanye adui wa shangazi kwa sababu ya wazo la mkopo. Mimi nikisoma barua yako namwona mwanamke aliyechoka kupokea simu za madai huku mumewe amenyamaza. Yeye hakupanda lile basi, wala yale maandazi hakuyala. Anayemjua yeye ni shangazi wa simu na kipaza sauti. Msimulie yote usiku mmoja watoto wakiwa wamelala, ikiwemo yale unayoona aibu kuyasema, kisha nenda naye Mafinga. Fomu ya benki irudishe kabla hamjaondoka. Na mkiwa kule, mbele ya mkeo, mwombe shangazi kwamba kuanzia sasa akiwa na shida ya hela akupigie wewe mwenyewe. Akipiga pokea, hata kama uko kwenye kikao cha kijiji.